Trasirodi haishushi nyuzi: dhana potofu kuhusu magitaa ya umeme ya boksi ya zamani

Naandika hii mana sentensi ile ile inaingia kwenye karakana yangu hapa Mbeya kila mara: “Fundi, nyuzi zilikuwa juu nikakaza trasirodi zishuke, sasa freti za mwanzo zinakwaruza.” Trasirodi ni chuma kirefu kilichofichwa ndani ya shingo ya gitaa, freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni, na nyuzi kuwa juu ni kukaa mbali na freti. Anayesema anaweza kuwa mpiga solo wa kwaya kutoka Tukuyu, kijana wa Iringa aliyeuziwa gitaa la Aria la Japani ya miaka ya 70 na mtu anayehama, au mzee wa bendi ya dansi ambaye gitaa lake limekaa juu ya kabati tangu bendi ivunjike. Wote wameambiwa hivo na mtu ambaye naye aliambiwa na mtu. Leo naomba tulimalize.

Nazungumzia yale magitaa ya umeme yenye tumbo tupu ndani na matundu mawili ya f usoni. Haya yanaumizwa na ushauri mbaya kuliko gitaa la ubao mzima, kwasababu yenyewe ni mti mwembamba uliogundishwa sehemu nyingi na umeshabeba mvuto wa nyuzi miaka hamsini.

Dhana: nyuzi zikiwa juu, kaza trasirodi

Hapana jamani. Trasirodi kazi yake ni kupambana na mpindo wa shingo, basi. Seti ya nyuzi za 11 (namba ni unene wa uzi mwembamba) kwenye gitaa la skeli, yaani urefu wa uzi kutoka kichwani mpaka briji, ya milimita 628 inavuta zaidi ya kilo 45 muda wote, usiku na mchana, na shingo inafuata huo mvuto kwa kupinda kwenda mbele. Kampuni ya magitaa ya Gibson walianza kuweka chuma cha kukazika ndani ya shingo miaka ya 1920, hataza ya fundi wao Thaddeus McHugh ilitoka 1923, na toka siku hiyo mpaka leo kazi yake haijabadilika: kuirudisha shingo iwe karibu na kunyooka. Nyuzi kuwa juu au chini kunaamuliwa na mambo mengine matatu, yaani kina cha mifereji ya nati (kipande kinachoshika nyuzi kule kichwani), kimo cha briji (daraja linalobeba nyuzi juu ya tumbo), na pembe ambayo shingo imeingilia kwenye tumbo.

Sasa angalia kinachotokea ukikaza tu kwasababu nyuzi zipo juu. Shingo inanyooka, ukizidisha inaanza kurudi nyuma, hapo katikati nyuzi zinaonekana kweli zimeshuka kidogo na unafurahi. Alafu freti ya kwanza mpaka ya tano zinaanza kukwaruza. Unafanyaje? Unapandisha briji ili zisikwaruze, na ukimaliza hapo freti ya 12 nyuzi zipo juu kuliko ulivyoanza, kwahiyo unakaza tena. Mzunguko huo unaishia kwenye nati ya kukazia trasirodi (siyo ile ya nyuzi) iliyokatika meno, au chuma chenyewe kimekatika ndani ya shingo, na kukitoa inabidi ubao wa freti ubanduliwe. Gharama ya kazi hiyo mara nyingi inaizidi bei uliyonunulia gitaa.

Pima kwanza. Nenda maduka ya spea za magari pale Mwanjelwa ununue fila geji, hii hii ya mafundi wanaopimia valvu, ni bei ndogo na ndio kifaa ninachokipenda kuliko vyote mezani kwangu. Tyuni gitaa kwenye sauti yake kamili. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja, na pale shingo inapoungana na tumbo kwa kidole kingine, huo uzi sasa umekuwa rula yako. Angalia freti ya 7, ingiza jani la milimita 0.20 au 0.25 kati ya uzi na freti. Likipita kwa kugusa kidogo bila kuusukuma uzi, shingo yako iko vizuri, ACHA TRASIRODI. Kama uwazi umefika nusu milimita, hapo shingo imepinda kweli na ndio unaikaza: legeza nyuzi kidogo, zungusha nati ya trasirodi kulia robo ya mzunguko au pungufu, rudisha tyuni, pima tena, na ikiwezekana liache lilale hivo mpaka kesho kwasababu mti unachelewa kuitika. Ikiwa ngumu usiiongezee nguvu, wala usitumie plaiza. Na kama hakuna uwazi wowote, legeza. Mengi ya zamani chuma chake kinasukuma upande mmoja tu, kwahiyo ukishakilegeza chote na shingo bado imerudi nyuma, dawa ni seti ya nyuzi nene zaidi ziivute mbele.

Shingo ikishakuwa sawa ndio unakuja kwenye nyuzi. Bana kila uzi freti ya 3, angalia freti ya kwanza, panatakiwa pabaki upenyo kama wa unywele. Ukiona upenyo mkubwa, nati iko juu na mifereji inahitaji kuchimbwa kwa faili jembamba. Alafu briji, ina vigurudumu viwili vya kuipandisha na kuishusha, kila upande kimoja. Kumbuka freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwahiyo ukishusha briji milimita 1 pale kwenye freti ya 12 zinashuka nusu tu. Mimi nalenga milimita 2 uzi mnene na 1.5 uzi mwembamba, anayepiga kwa nguvu namwachia zaidi kidogo.

Na kama vigurudumu vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu? Hapa ndipo watu wanaikimbilia trasirodi kwa hasira, na hapa ndipo haiwezi kusaidia hata kidogo. Laza rula ndefu ya chuma juu ya freti, itokeze mpaka kwenye briji. Kama ncha yake inagonga briji chini sana ya pale nyuzi zinapolala, pembe ya shingo imekufa: aidha kiungo kimefunguka, au uso wa gitaa umezama pale karibu na shingo. Tia tochi ya simu na kioo kidogo kwenye tundu la f uangalie zile fito za ndani, gonga uso taratibu kwa kidole, fito iliyobanduka inalia kama debe. Fito hiyo inagundishwa kupitia tundu la f na mara nyingine uso unarudi wenyewe. Shingo nayo inafunguliwa kwa mvuke na kugundishwa upya, kazi ya fundi anayejua, na tafadhali usimruhusu yeyote apige skrubu kwenye kiungo. Skrubu inapasua kisigino cha shingo.

Dhana: briji inayotembea ni mbovu, igundishe

Nimeshabandua briji zilizomwagiwa supaglu nikabandua na vanishi yake. Briji ya mengi ya magitaa haya imeundwa ikae kwa mvuto wa nyuzi tu, na inasogezwa makusudi ili sauti ziwe kamili shingo nzima. Kuanzia nati mpaka freti ya 12 kwenye skeli niliyotaja ni milimita 314, kwahiyo briji inaanzia 628 na inarudi nyuma kidogo, upande wa besi zaidi. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi hapo bila kuubana), alafu bana pale pale upige. Sauti ya iliyobanwa ikiwa juu, rudisha briji nyuma, ikiwa chini isogeze mbele. Ukipata, weka alama kwa selotepu ya karatasi, na siku ya kubadilisha nyuzi badilisha mmoja mmoja.

Inayoteleza ovyo ni ile ambayo miguu yake haijakaa kwenye mbinuko wa uso. Weka msasa juu ya uso wa gitaa, upande wa kusagia ukiangalia juu, pitisha briji mbele na nyuma pale pale itakapokaa mpaka miguu ishike umbo. Ukitaka kitako kipya kichongwe mpingo. Clarinet (ala za kupuliza) za dunia zinatengenezwa kwa mti huu wa kwetu alafu sisi tunaweka vitako vya plastiki, inaniuma. Vipande wanavyobakisha wachonga vinyago vinatosha kabisa.

Dhana: likipiga mluzi mbele ya spika, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) imekufa

Tumbo tupu linatikiswa na spika, linazirudishia nyuzi, ndio maumbile yake. Gibson waliweka gogo katikati ya gitaa lao la ES-335 mwaka 1958 kwasababu hiyo hiyo, ila gitaa la Epiphone Casino la 1961 haina gogo na lazima uijue namna ya kuishi nayo. Usikae mbele ya spika, punguza besi, ziba matundu ya f kwa sponji siku za sauti kubwa.

Dhana: likivuma, badilisha pikapu

Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ethi umeungana na mkia wa gitaa (chuma kinachofunga nyuzi nyuma ya briji) na kinachovuma ni mazingira, mara nyingi soketi ya ukumbini haina ethi, na hiyo ni hatari ya shoti kabla hata ya kuwa kelele. Mvumo ukizidi, waya huo umekatika au umegeuzwa. Kwenye gitaa la boksi hauna mfuniko wa nyuma, vifaa vinatolewa kwa tundu la f, kwahiyo kabla hujasukuma volyumu ndani ifunge uzi wa kushonea kwenye kijiti chake, utaivuta nao irudi kwenye tundu lake. Pikapu za zamani zisiguswe mpaka zimepimwa na mita.

Dhana: mti wa zamani ulishakauka, hali ya hewa haiusumbui

Mti unaingiza na kutoa unyevu maisha yake yote. Gitaa lililokaa Dar likipandishwa huku Julai, baridi kavu ya Mbeya au Iringa, ubao wa freti unasinyaa na ncha za freti zinatokeza zinakata mkono, uso unazama, nyuzi zinashuka zinakwaruza. Masika linavimba na nyuzi zinapanda, na hapo ndipo mtu anachukua spana. Kiangazi weka sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, kwenye kasha la sabuni lenye matundu, ndani ya boksi la kubebea gitaa, na gitaa usililaze chumba chenye jiko la mkaa. Likitoka safari, liache ndani ya boksi lake siku nzima kabla hujapima chochote.