Projekta Yako Haijageuka Manjano

Kila ninapomaliza kurekebisha rangi za projekta nyumbani kwa mtu, iwe Milimani hapa Kisumu au Section 58 kule Nakuru, lalamiko huwa ni lile lile, na hutolewa kabla sijafunga begi: "Fundi, mbona picha imekuwa ya manjano?" Juma hili nimeulizwa tena na mtu aliyeniita mwenyewe kwa sababu nyuso za wachezaji zilikuwa na rangi ya majivu, na kabla ya siku kwisha alikuwa ameirudisha projekta kwenye modi ya dainamiki, yaani ule mpangilio wa kiwandani wenye mwangaza mkubwa kuliko yote. Imani kwamba weupe wenye ubluu ndio weupe safi, na kwamba weupe mwingine wowote ni kasoro, imeharibu picha nyingi katika kanda hii kuliko kebo mbovu na lenzi zenye vumbi, na nimechoka kuijibu mlangoni nikiwa na mzigo mkononi.

Vipindi na filamu za HD hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha Rec. 709, kilichopitishwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mwaka wa 1990. Kiwango hicho kinaeleza nyekundu ni ipi, kijani ni ipi, bluu ni ipi, na weupe ni upi. Weupe huo huitwa D65, na mahali pake kwenye mchoro wa rangi wa CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, ni 0.3127 kwa 0.3290. Mtu aliyepanga rangi za filamu unayoitazama alikaa mbele ya skrini yenye weupe huo, akaamua uso wa mhusika uwe na wekundu kiasi gani na jioni iwe na dhahabu kiasi gani. Unapousogeza weupe kuelekea bluu hujasafisha chochote. Umempaka kila aliyemo kwenye filamu rangi ambayo hakuna aliyemchagulia. Bibi zetu walitia bluu ya kufulia katika maji ya mwisho ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi, na jicho lilikubali, ingawa shati lilikuwa limetakata vile vile lilivyotakatishwa na sabuni. Watengenezaji wa televisheni na projekta wanalijua jambo hilo vizuri sana, na ndiyo maana kifaa kilichowashwa dukani huwa na weupe wa bluu.

Umanjano unaouona dakika ya kwanza upo machoni pako. Jicho halina weupe wake wa kudumu; huchukua mwanga unaotawala mahali ulipo na kuuita mweupe. Ikiwa umekaa mwaka mzima mbele ya skrini ya bluu, weupe sahihi utauona kama chai ya maziwa. Kaa gizani, tazama filamu kwa nusu saa bila kugusa rimoti, kisha rudisha mpangilio wa zamani ghafla: utashangaa kuona kwamba sasa ule wa zamani ndio wenye kasoro, na theluji, mashati na mawingu vyote vimekuwa vya bluu. Nawasihi wenye nyumba wafanye jaribio hili kabla ya kuniambia nimeharibu kitu. Nawasihi pia wasinitumie picha za simu kama ushahidi, kwa sababu kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe kila unapobonyeza, na haiwezi kushuhudia jambo ambalo imelibadilisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni ile nambari 6500. Watu husoma kwamba weupe sahihi, yaani D65, una halijoto ya rangi ya Kelvini 6500, wanaingia kwenye menyu, wanachagua 6500, na wanaamini kazi imekwisha. Kwanza, nambari ya kwenye menyu ni ahadi ya kiwanda tu, na taa, lenzi na ukuta wako havikuwepo ahadi hiyo ilipotolewa. Pili, hata kipimo kikisema 6500 kweli, halijoto ya rangi inaeleza upande mmoja tu wa jambo, yaani kati ya wekundu na ubluu, na kunyamaza kuhusu upande wa pili, yaani kati ya kijani na waridi. Rangi nyingi tofauti zina halijoto moja. Unaweza kuwa na 6500 yenye ukijani wa kuchefua na 6500 yenye uwaridi, na zote zikasomeka sawa kwa nambari hiyo.

Kwa projekta za taa ya zebaki, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, hatari iko upande wa kijani. Taa hizo hutoa mwanga mwingi sana katika urefu wa wimbi wa nanomita 546, ambayo ni kijani, na nyekundu yake ni haba. Modi ya dainamiki huuachilia ukijani wote ili ule mwangaza mkubwa ulioandikwa kwenye katoni upatikane. Kuufikia D65 kunamaanisha kupunguza kijani na bluu mpaka vilingane na nyekundu iliyopo, na katika kazi hiyo unaweza kupoteza theluthi moja ya mwangaza au hata zaidi. Hiyo ndiyo bei yake, na anayekuahidi rangi sahihi pamoja na mwangaza wote wa kwenye katoni anakudanganya.

Ukijani huo huwaumiza zaidi watu weusi walio kwenye picha. Ngozi nyeusi huangukia sehemu ya chini ya ngazi ya kijivu, inayoanzia weusi wa asilimia 0 hadi weupe wa asilimia 100, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 40, na huko ndiko projekta nyingi zinakokosea zaidi kwa sababu wanaozirekebisha huangalia weupe wa juu peke yake na kuridhika. Uso wa mchezaji kutoka Kondele unageuka jivu, au unakuwa na kivuli cha kijani chini ya taya, na mwenye nyumba anaongeza kidhibiti cha rangi ili kuurudishia uhai, hivyo nyasi za uwanja zinaanza kuwaka. Dawa yake ni ofseti, yaani vidhibiti vya sehemu za giza, za nyekundu, kijani na bluu, na kidhibiti cha rangi hakihusiki kabisa hapo.

Hatua zenyewe nitazitaja haraka. Chagua modi ya sinema, zima marekebisho yote yanayojiendesha, na uiache projekta ipate joto kwa nusu saa. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja karibu mwaka mzima, kwa hiyo usianze kupima kabla ya saa moja na nusu usiku. Hakikisha king'amuzi au kompyuta na projekta vinakubaliana kama nambari za mawimbi kutoka weusi hadi weupe ni 16 hadi 235 au 0 hadi 255, maana vikitofautiana kila kitu kinachofuata ni bure. Weka kiwango cha weusi, kisha cha weupe. Rekebisha geini, yaani vidhibiti vya sehemu angavu, katika kijivu cha asilimia 80 na ofseti katika asilimia 30, ukirudiarudia kwa sababu zinavurugana, na kila mara punguza rangi iliyozidi badala ya kuongeza iliyopungua. Gama, yaani jinsi mwangaza unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, ya 2.2 inatosha sebuleni, 2.4 ni ya chumba chenye giza kamili.

Kipimarangi, kile kifaa cha kupimia, kielekezwe ukutani au kwenye skrini, kwa kuwa mwanga unaokufikia ndio unaotaka kuupima. Ukuta wa rangi ya krimu hubadilisha weupe kabla haujafika kwenye kiti chako, na dari nyeupe iliyo karibu na skrini huuchafua weusi. Kwa sababu hiyo nambari za projekta ya mtu mwingine, hata ikiwa ya muundo ule ule, hazikufai. Walio Nakuru wawashe pia modi ya mwinuko mkubwa, inayoongeza kasi ya feni za kupoza: mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na vitabu vingi vya maelekezo huitaka modi hiyo kuanzia mita 1,500.

Kipimarangi nacho nakiamini kwa mipaka. Chini ya kijivu cha asilimia 10 vipimarangi vya bei nafuu hutoa nambari zinazorukaruka, na hapo huwa naviacha na kufuata macho. Kwa projekta za leza tatizo ni kubwa zaidi. Hesabu za CIE za mwaka 1931, ambazo kipimarangi huzitegemea, zilijengwa juu ya macho ya watu 17 tu, waliopimwa na watafiti Wright na Guild, na mwanga wa leza, wenye urefu finyu sana wa mawimbi, hufichua jinsi macho yetu yanavyotofautiana. Nimewahi kukaa na mwenye nyumba mbele ya weupe ambao kipimo kilisema ni kamili, mimi nikaona uwaridi kidogo, yeye akaona ukijani. Kipimo kilikuwa kizima. Nilifuata macho yake, kwa kuwa skrini ni yake, nikaandika nambari zote mbili ili aweze kurudi.

Mwisho, siipigi marufuku modi ya dainamiki. Mechi ya saa tisa alasiri, madirisha wazi kwa sababu ya joto la Kisumu, inahitaji kila chembe ya mwanga, na hapo rangi sahihi isiyoonekana haina faida. Hifadhi mpangilio wa mchana mahali pake na wa usiku mahali pake, na taa ikishafanya kazi saa mia kadhaa niite tupime tena.