Je, filamu peke yake hufundisha Kiingereza?

Hapa Goma wengi huamini kwamba ukitazama filamu za Kiingereza kila usiku, hata zenye maandishi ya Kifaransa chini, lugha itaingia yenyewe. Filamu husaidia kweli: sikio huzoea lafudhi na kasi ya maongezi. Lakini macho yakisoma Kifaransa, akili mara nyingi hufuata kisa kwa Kifaransa, Kiingereza kingi kikipita tu masikioni. Maandishi ya Kiingereza humfaa zaidi anayejua kiasi. Anayeanza kabisa ataambulia kelele (na usingizi).

Jipime, umeme ukiwepo. Chukua dakika mbili za filamu, ficha maandishi ya Kiingereza, andika unachosikia, kisha yarudishe ulinganishe. Halafu simulia tukio hilo kwa sauti, kwa Kiingereza. Wengi hukwama hapo, kwa sababu kuelewa na kusema ni mazoezi tofauti.