Spektrini kwanza, distrofini baadaye

Ukichungulia kwenye darubini ya mng'ao ukakuta kipande cha misuli kinachopimwa distrofini, protini ya misuli, ni cheusi tii badala ya kuwaka, usiandike kitu bado. Mimi huomba kwanza slaidi ya spektrini, protini nyingine iliyo chini ya utando wa seli. Vijana wanaokuja kujifunza kwenye meza yangu huidhani ni slaidi ya ziada, ya kumaliza kemikali tu. Kwangu ndiyo inayoamua kama zile slaidi nyingine zinasomeka.

Spektrini ilipatikana kwenye damu. Seli nyekundu ukiziweka kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha hupasuka, himoglobini humwagika, na hubaki ganda jeupe la utando ambalo wanasayansi waliliita mzuka. Mwaka 1968 Vincent Marchesi na Edward Steers walichomoa protini kwenye mizuka hiyo, nayo ikapewa jina kutokana na neno hilohilo la mzuka. Ni nyuzi mbili, alfa na beta, zilizosokotana kama kamba, kisha kamba hizo zikaunganishwa kuwa wavu uliotandazwa chini ya utando. Wavu huo ukiwa na kasoro ya kurithi, seli nyekundu hupoteza umbo lake la kisahani ikawa duara kama mpira, na wengu huikamata na kuiharibu kabla ya siku zake.

Misuli nayo ina spektrini chini ya utando wa kila uzi wake. Ndiyo maana kingamwili (protini inayoshika kitu kimoja maalumu, nasi huitumia kukiwasha kwenye slaidi) iitwayo RBC2/3D5, ambayo asili yake ni seli nyekundu za binadamu, inashika vizuri beta spektrini ya misuli. Ni monokloni ya panya, zao la mbinu ambayo Köhler na Milstein waliitangaza mwaka 1975: seli moja inayotengeneza kingamwili inaunganishwa na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika, na kizazi chote kinachotoka hapo kinatoa kingamwili ya aina moja.

Sasa distrofini. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ina eksoni 79, yaani vipande vyenye maelekezo ya kuitengeneza, na protini yenyewe ina uzito wa kilodaltoni 427. Ilitambuliwa mwaka 1987. Mtoto asiyekuwa nayo ana maradhi ya Duchenne, ya kudhoofika kwa misuli. Mwenye distrofini pungufu au fupi mara nyingi huwa na maradhi ya Becker, ambayo ni nafuu zaidi. Tofauti ya maneno hayo mawili kwenye ripoti ni tofauti ya maisha mazima ya mtoto wa kiume na ya mama yake.

Katikati ya distrofini kuna mikunjo 24 inayofanana na ile ya spektrini. Ni ndugu wa ukoo mmoja, kwa hiyo kingamwili ya huyu haitakiwi hata kidogo kumgusa yule. Kwa distrofini tunatumia kingamwili tatu: DYS3 inayoshika upande wa mwanzo wa distrofini, DYS1 ya katikati, na DYS2 ya mwishoni kabisa. Ukitumia moja tu unaweza kukuta eneo lake ndilo lililokatika, ukasema protini haipo kumbe ipo, imefupishwa.

Lakini zote tatu zinaweza kuwa nyeusi kwa sababu isiyohusu jeni hata kidogo. Kipande cha misuli kinatakiwa kigandishwe upesi ndani ya kimiminika cha isopentani kilichopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Ukikitumbukiza moja kwa moja kwenye nitrojeni, gesi hukizunguka kama blanketi, baridi huingia polepole, na chembe za barafu hutoboa nyuzi. Kikikauka njiani, au kikayeyuka kisha kikagandishwa tena, utando huharibika. Na nyuzi zilizokufa zenyewe hupoteza utando pamoja na kila kilichoshikamana nao. Hali zote hizo huleta weusi uleule wa Duchenne. Spektrini ndiyo huzitenganisha: ikiwaka mstari mzima kuzunguka kila uzi, utando upo, na distrofini isipoonekana hapo kweli haipo. Spektrini nayo ikiwa nyeusi, slaidi hiyo haina la kusema.

Niliwahi kupokea kipande cha mtoto wa miaka saba kilichosafiri muda mrefu. DYS zote tatu zilikuwa nyeusi, na aliyezisoma kabla yangu alikuwa ameshaandika Duchenne kwa penseli. Nikaweka spektrini: vipande vichache vya mstari, vilivyokatikakatika, pembeni hakuna kitu. Nikarudi kwenye kriostati, mashine ya baridi ya kukatia, nikakata ndani zaidi ya kipande kilekile, tabaka za mikromita 8 moja baada ya nyingine, hadi nikapita sehemu iliyokauka. Huko spektrini iliwaka kila uzi. Distrofini nayo ilionekana, hafifu, yenye mapengo, lakini karibu kila uzi ulikuwa nayo. Hizo hazikuwa zile nyuzi chache zinazowaka peke yake hata kwa mgonjwa wa Duchenne.

Tukafanya bloti ya Western, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, fupi zikishuka chini zaidi. Pale kipimo cha wingi wa sampuli huwa ni miosini, protini nyingine ya misuli, iliyobaki kwenye jeli, si spektrini. Mstari wa distrofini ulikuja chini ya mahali pake pa kawaida, yaani protini fupi. Nikafuta ile penseli, nikaandika kwamba matokeo yanaelekea Becker na nikaomba kipimo cha jeni. Tangu siku hiyo, kwenye kila trei ninayoipanga, slaidi ya spektrini ndiyo ya kwanza kushoto, na ndiyo ninayoanza kuisoma.