Eti kwenda masaa 7, kurudi masaa 22!

Nakata tiketi hapa Mombasa miaka mingi sasa na wiki hii amekuja mteja wa tatu na lawama ileile, ati nimemuuzia mtoto wake tiketi ya kuzungushwa. Mzee wa watu kaja na hesabu yake kwenye karatasi: Nairobi inaondoka 23:25, New York inafika 06:25, hayo ni masaa 7. Kurudi inatoka 12:25 inaingia Nairobi 10:25 kesho yake, masaa 22. "Sasa hayo 15 ya ziada mwanangu wamempeleka wapi?"

Hawajampeleka popote baba. Saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo, ya kuondoka ni saa ya Nairobi na ya kufika ni saa ya New York, na hao wako nyuma yetu masaa 8 wakati wa baridi, wakati wa joto ni 7 maana wenzetu husogeza saa zao mwezi wa tatu na wa kumi na moja. Kwa hivyo kwenda 7 jumlisha 8 ni 15, kurudi 22 toa 8 ni 14, basi. Tangu Kenya Airways waanze ile ya moja kwa moja Oktoba 2018 wimbo ni huohuo, na kinachoniudhi ni kwamba muda wa safari umeandikwa palepale kwenye tiketi, hakuna anayeusoma, kila mtu anakimbilia kutoa! Mimi nawaambia hesabu acheni, someni huo muda. Na ukiona 00:40 tarehe 15 ujue unaenda eapoti usiku wa tarehe 14, maana kuna waliofika siku ya pili ndege ishalala New York.

Nikimaliza hapo anakuja mjuaji, kurudi ni saa moja pungufu kwa sababu dunia inazunguka. Hapana bana. Hapa karibu na ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, ingekuwa inatuacha basi ndege ingepaa juu ya Nairobi ikae saa moja ishukie katikati ya Kongo. Hewa inazunguka pamoja na ardhi. Kinachopunguza ile saa ni upepo mkali wa huko juu unaovuma kutoka magharibi, wakati wa kurudi unaisukuma ndege, wakati wa kwenda unaipiga usoni.

Mombasa–Nairobi nayo, kama kilomita 420, watu wanagawanya kwa spidi ya 800 wanataka wafike nusu saa. Kuna kutambaa uwanjani, kupanda, kushuka, kungoja zamu ya kutua, ndo maana wanaandika kama saa nzima.

Mwisho wale wa ramani, mbona rubani hakukata moja kwa moja kupitia Nigeria? Ramani ya ukutani imelazwa, dunia ni mviringo. Chukua globu, vuta uzi kutoka Nairobi mpaka New York, utaona unapita Sahara unatokea Moroko, na hiyo kilomita kama 11,840 ndo njia fupi kabisa. Globu iko hapa kwa meza yangu, uzi wa kushonea njoo nao.