Kingamwili katika Damu Si Ushahidi wa Minyoo Iliyo Hai

Wapo wafugaji wengi Dodoma wanaoamini kwamba kipimo cha damu hakina rufaa: ng'ombe akionyesha kingamwili za minyoo ya ini, basi anayo sasa hivi, na asipozionyesha yu salama. Imani hiyo ina kasoro pande zote mbili.

Kingamwili si mnyoo wala yai lake. Ni protini ambazo mwili wa mnyama huzitengeneza baada ya kukutana na kimelea, na hubaki katika damu kwa wiki nyingi, pengine miezi, hata baada ya dawa kuiua minyoo yote. Kwa hiyo ng'ombe aliyewahi kuambukizwa kandokando ya majaruba ya Bahi, ambako maji yaliyotuama huwafaa konokono wanaoeneza minyoo hiyo, akatibiwa akapona, anaweza kupimwa, akahesabiwa mgonjwa na kupewa dawa tena bure. Ndama naye huonyesha kingamwili alizozipata kwa mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.

Kipimo chenyewe hakistahili kubezwa. Kingamwili huanza kuonekana takriban wiki 2 hadi 4 baada ya maambukizi (kabla ya hapo jibu hasi halina uzito), ilhali mayai huchukua kama wiki 10 au zaidi kutokea kwenye kinyesi. Kinafaa hasa kuchunguza kama kundi limewahi kuambukizwa. Anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi apeleke kinyesi maabara, mayai yahesabiwe kabla ya dawa na tena yapata wiki 3 baadaye.