Uongozi na Urithi katika Maigizo ya Wamarekani Weusi

Sisi tunaofundisha historia ya sanaa za maonyesho tumezoea kumpima kiongozi wa kundi la maigizo kwa tamthilia alizozileta jukwaani na waigizaji aliowalea. Vigezo hivyo ni sahihi, lakini historia ya maigizo ya Wamarekani Weusi inadai tuulize pia ni mali gani iliyobaki mikononi mwa kundi baada ya mwanzilishi kuondoka, na ni nani aliyeandaliwa kuipokea.

Mfano wa mwanzo kabisa ni mchungu. Mwaka 1821 William Alexander Brown, mtu mweusi huru aliyewahi kuwa mhudumu melini, alianzisha jijini New York ukumbi uliojulikana kama African Grove, ambako James Hewlett aliigiza Richard III wa Shakespeare mbele ya watazamaji ambao katika kumbi nyingine walitengewa viti vya nyuma na vya juu. Polisi waliwakamata waigizaji, wahuni wakauvamia ukumbi, na baada ya miaka michache kundi likasambaratika. Ira Aldridge, kijana aliyetokea katika mazingira hayo, aliondoka kwenda Uingereza mwaka 1824, akajipatia sifa kubwa barani Ulaya kwa kuigiza Othello, akafariki dunia Łódź, Poland, mwaka 1867. Kipaji chake kilinusurika kwa kuhama nchi. Taasisi iliyokuwa imeanza kumea haikunusurika. Hata tamthilia ya Brown kuhusu King Shotaway na uasi wa kisiwa cha St. Vincent, inayotajwa kuwa ya kwanza ya mwandishi mweusi kuigizwa nchini Marekani, maandishi yake yamepotea.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1967, Douglas Turner Ward, Robert Hooks na Gerald Krone walianzisha Negro Ensemble Company kwa ruzuku ya Ford Foundation, taasisi ya hisani ya Marekani. Kundi hilo liliwafunza waigizaji na waandishi wengi, na tamthilia ya Charles Fuller, A Soldier's Play, waliyoionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1981, ilipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani, mwaka uliofuata. Lakini ruzuku ina mwisho wake, na ilipopungua kundi nalo lililazimika kupunguza shughuli. Crossroads Theatre Company ya New Jersey ilipatwa na jambo la kusikitisha zaidi: mwaka 1999 ilipewa Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, kwa kumbi zilizo nje ya Broadway (mtaa wa kumbi kubwa za maigizo jijini New York), na muda mfupi baadaye ikasimamisha maonyesho kwa sababu ya madeni. Ndiyo maana hotuba ya mwandishi mweusi wa tamthilia, August Wilson, ya Juni 1996, huko Princeton, ina uzito hadi leo. Wilson, ambaye tamthilia zake zilikuwa zikichezwa katika kumbi kubwa nchini kote, aliwaambia wakuu wa kumbi hizo kwamba kati ya taasisi 66 za umoja wao ni moja tu iliyokuwa ya watu weusi. Moja hiyo ilikuwa Crossroads.

Kwa maoni yangu, kiongozi aliyeuelewa mapema kuliko wengi udhaifu huu wa kundi kukosa mali yake lenyewe ni Barbara Ann Teer. Alizaliwa East St. Louis, Illinois, mwaka 1937, akasomea dansi chuo kikuu na kufanya kazi Broadway, kisha akaiacha njia hiyo akiwa bado na nafasi ya kupanda juu, kwa sababu nafasi alizopewa msanii mweusi zilikuwa za kumdhalilisha. Mwaka 1968 alianzisha National Black Theatre mtaani Harlem, jijini New York. Waigizaji wake aliwaita wakombozi, na hakutaka mtazamaji akae kimya gizani. Maonyesho yalikuwa ibada ambayo kila aliyeingia alishiriki kwa kuimba, kucheza na kuitikia. Alisafiri Nigeria kujifunza kwa Wayoruba, na wasanii wa Osogbo, mji wa Wayoruba hao, walikuja baadaye kupamba ukumbi wake kwa kazi zao.

Mwaka 1983 moto uliunguza jengo walimokuwa wapangaji, karibu na kona ya Fifth Avenue na Mtaa wa 125. Badala ya kutafuta kwingine pa kupanga, Teer alilinunua jengo zima, lenye eneo la futi za mraba zipatazo 64,000, kwa nia kwamba kodi ya vyumba vya biashara isaidie kugharimia sanaa. Ni uamuzi ambao wanahistoria wa tamthilia huupitia haraka, nami naamini ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa alizozifanya.

Mali bila mrithi aliyeandaliwa ingepotea vilevile. Lou Bellamy, aliyeanzisha ukumbi wa maigizo wa Penumbra huko St. Paul, Minnesota, mwaka 1976, aliliona hilo. Ukumbi wake ulisimamisha kazi mwaka 2012 kwa ukosefu wa fedha, ukafufuka kwa michango ya wapenzi wake, na kabla ya kung'atuka alifanya kazi bega kwa bega na binti yake Sarah kama wakurugenzi wawili wa sanaa wenye mamlaka sawa, hadi alipomwachia usukani.

Teer alifariki dunia Julai 2008. Binti yake, Sade Lythcott, ndiye mtendaji mkuu wa National Black Theatre, na uongozi wa sanaa umekabidhiwa Jonathan McCrory, ambaye si wa ukoo huo, jambo linaloonyesha kwamba urithi wa taasisi unaweza kuvuka mipaka ya damu. Chini yao kundi lilishirikiana na Public Theater, ukumbi mwingine wa New York, kuleta jukwaani Fat Ham ya James Ijames, tamthilia iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2022 na kufika Broadway mwaka 2023. Jengo la zamani limebomolewa kupisha mnara wa ghorofa 21 wenye makazi ya watu na ukumbi mpya wa maigizo, na kwa kuwa Teer alikuwa amenunua kiwanja hicho, warithi wake waliingia katika mradi huo kama washirika wa wajenzi.