Uchoraji Tanzania haukuanza na tingatinga jamani

Kila nikisema nachora hapa Dodoma swali ni lilelile, "aah, tingatinga eeh?", halafu mtu anamalizia kwamba uchoraji wetu ulianza na yule mzee wa Dar aliyeanzisha mtindo huo wa kuchora. Hapana. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 60, rangi za makopo juu ya hadibodi, namheshimu sana, ila huku kwetu watu walishachora maelfu ya miaka kabla yake.

Panda basi la Kondoa ushuke Kolo, tafuta wa kukupeleka mlimani. Chini ya jiwe lililoinama utakuta watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vikubwa vya ajabu, na wanyama wa porini wenye mistari myembamba mpaka unajiuliza alishikaje mkono usitetemeke. Nyekundu ile ni udongo wenye chuma umesagwa, zile nyeupe ni za baadaye. UNESCO iliiweka michoro hii ya Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006.

Na msiniambie wachoraji wale walikuwa wanapoteza muda tu baada ya kuwinda, maana pale Mungumi wa Kolo, moja ya miamba hiyo yenye michoro, watu bado wanatambika, wanaomba mvua na uponyaji, sasa hapo mchoro ni pambo kweli?

Mimi pale ndo nilipobadilika. Siku hizi nasaga udongo mwekundu wa huku huku Dodoma kwenye kinu, nachuja na kipande cha khanga, nachanganya na gundi nyeupe, na sigusi brashi mpaka nijue mchoro ni wa nini.